Fundi Anajibu: Gari Limezeeka, Nilitengeneze au Niliache?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: gari limechoka, pesa ni ndogo, nifanyeje? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inawahusu watumishi wengi wa huku kwetu Kusini, hasa walimu na wauguzi, ambao mkopo wa gari wanaupata kwa urahisi na kuulipa kwa miaka.

Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Tandahimba. Nina Toyota Carina Ti ya mwaka 1999, injini ya 5A, niliyoinunua kwa mtu mwaka 2014. Imepeleka wagonjwa hospitali, imebeba magunia ya korosho, imepeleka watoto bweni. Sasa nikiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, na inakula oili, kama lita moja kila wiki tatu. Shokapu za mbele zimekufa. Fundi wangu anasema injini ifanyiwe ovaholi, milioni 1.9 pamoja na spea. Dalali anasema nisipoteze pesa, niiuze kwa milioni 4, niongeze 8, nichukue Toyota IST ya mkononi iliyopo Mtwara mjini kwa milioni 12. Benki wamekubali kunipa hizo 8, makato 227,000 kwa mwezi kwa miaka minne. Mke wangu anataka tutengeneze. Wenzangu ofisini wanasema gari la zaidi ya miaka 25 ni jeneza. Nisaidie.

Marahaba, mwalimu. Kabla ya pesa tuzungumze moshi, kwa sababu milioni 1.9 yote unayotajiwa imejengwa juu ya huo moshi, na katika barua yako sioni mahali ambapo mtu amepima chochote.

Umesema unatoka asubuhi ukiwasha. Je, ukishaondoka unaendelea? Hilo ndilo swali kubwa. Gari likilala usiku, oili iliyobaki juu kwenye silinda hedi huchuruzika polepole kupitia sili za vali zilizokauka, ikaingia ndani ya silinda. Ukiwasha asubuhi inaungua yote kwa pamoja: wingu la bluu kwa dakika moja au mbili, halafu kimya. Ringi za pistoni zikiisha, moshi haungoji asubuhi. Unatoka gari linapovuta mzigo, linapopanda mlima, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma unasikia pumzi inakupiga mkononi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni, injini ikiwa ya moto, mtu akufuate kwa pikipiki mkipanda kilima chochote cha upande wa Newala, aangalie ekzosi. Halafu mkishuka, achia mafuta mteremko mzima, na ukifika chini kanyaga. Moshi ukitoka pale chini mara moja ukapotea, hizo ni sili. Ukikufuata kilima kizima wakati wa kupanda, hizo ni ringi.

Baada ya hapo fundi ang'oe plagi zote nne na apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Silinda itakayosoma chini kuliko wenzake, amwagie humo kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimeisha, maana ile oili imeziba pale ringi zinapovujisha. Kisipopanda, shida iko juu kwenye vali. Kazi hii yote haimalizi saa moja, na fundi anayetaka milioni 1.9 yako bila kuifanya hajakutendea haki. Aangalie pia kile kivali kidogo cha kupumulia kilichochomekwa kwenye mfuniko wa juu wa injini. Kikiziba kwa uchafu, injini inatafuta pengine pa kutolea pumzi na inasukuma oili isikotakiwa. Ni spea ya bei ndogo kabisa, na watu wengi wamefungua injini nzima kabla ya kuigusa.

Kama ni sili, injini ya 5A ina vali 16, kwa hiyo sili 16. Kwenye gereji yangu kazi hiyo, pamoja na gasketi, haifiki laki tatu. Kama ni ringi kweli, ovaholi iwe ovaholi. Bloku ipelekwe kwenye karakana yenye mashine, silinda zipimwe, na zikiwa zimekuwa duaradufu zichongwe na kuwekewa pistoni za saizi ya juu. Wapo wanaobadilisha ringi tu ndani ya silinda iliyokwisha, gari linanyamaza miezi michache, kisha moshi unarudi na fundi hapokei simu. Mwulize fundi wako, mbele ya mkeo, nani atapima silinda na kwa kifaa gani. Jibu lake litakuambia mengi.

Sasa pesa. Dalali amekufanya ulinganishe milioni 1.9 ya matengenezo na milioni 4, bei ya kuuzia gari lako. Ukilinganisha hivyo, kila gari la zamani litaonekana la kutupa. Wewe hununui Carina yako, unayo tayari. Kinacholinganishwa na milioni 1.9 ni gharama ya kuingia kwenye hilo gari jingine. 227,000 mara miezi 48 ni 10,896,000. Ongeza milioni 4 za Carina utakayokuwa umeitoa. IST ya milioni 12 itakuwa imekutoka kwa karibu milioni 14.9, kabla hujabadilisha hata oili. Na makato ya mwaka mmoja tu ni 2,724,000. Yaani hata kama ovaholi ni lazima, na hata kama ni ya 1.9 kamili, mkopo utakugharimu zaidi ya ovaholi moja kila mwaka kwa miaka minne mfululizo.

Dalali atakuambia IST haitaki matengenezo. IST za toleo la kwanza zilianza kutengenezwa mwaka 2002 na zikaishia 2007. Hiyo ya mkononi nayo ni mtu mzima. Ina bushi, ina shokapu, ina injini ya 1NZ ambayo ni nzuri, nakubali, inatumia taiming cheni badala ya belti. Lakini nani alikuwa anaimwagia oili? Kila baada ya kilomita ngapi? Ilishawahi kuchemsha? Huyo anayeiuza anaiuza kwa nini? Carina yako unaijua kwa zaidi ya miaka kumi: unajua mlio wake, unajua lini ilibadilishwa taiming belti. (Kama hujui, ibadilishe sasa. Toyota wanataka belti hiyo ibadilishwe kila kilomita 100,000. Nafuu ya 5A ni kwamba belti ikikatika vali hazigongani na pistoni, lakini utabaki njiani.) Ugonjwa unaoujua una bei. Ule usioujua unaununua pamoja na gari, na utaanza kuutibu wakati benki inakata.

Kuhusu jeneza, wenzako wana hoja lakini wameielekeza pasipo. Gari haliui kwa sababu ya mwaka wa kutengenezwa. Linaua kwa breki, tairi, stelingi na kutu. Kwa hiyo mpangilio wa matumizi yako uwe tofauti na anavyotaka fundi. Kabla ya injini, gari lipandishwe jeki, tairi la mbele lishikwe juu na chini litikiswe. Likicheza, boljointi au bering imekwisha. Lishikwe kulia na kushoto litikiswe tena, hapo unasikia tairodi. Mipira ya breki ikunjwe kwa vidole, yenye nyufa itolewe. Oili ya breki ibadilishwe yote, maana inanyonya unyevu wa hewa na sisi tunaishi karibu na bahari. Shokapu mbili za mbele ziwekwe kwa pamoja, kamwe usiweke moja. Gari linalokula oili litakufikisha Mtwara ukiwa na dumu kwenye buti. Gari ambalo boljointi imechomoka kwenye mchepuko wa vumbi halikufikishi popote, na humo ndani mna watoto wako.

Pesa unayo, kwa sababu ulikuwa tayari kukatwa 227,000. Usikubali mkopo, lakini jikate mwenyewe laki moja kila mwezi uiweke mahali usipoigusa, kikoba au akaunti ya pembeni. Kwa mwaka ni milioni 1.2, na Carina iliyotunzwa haitakula zote. Kitakachobaki kikusanyike, ili siku ya kubadilisha gari ikifika uingie na fedha yako.

Siku hiyo itafika, mwalimu, na dalili zake nitazitaja kwenye barua ya tatu hapa chini. Ikifika, usinunue Novemba wala Desemba. Minada ya korosho inaanza Oktoba, fedha zinaingia Tandahimba, Newala na Masasi, kila mtu anatafuta gari, na wenye magari wanalijua hilo. Uza msimu huo. Nunua Machi hadi Mei, mvua zikiwa zinanyesha, ada zimelipwa, na yule aliyenunua gari kwa fedha ya mnada ameanza kushindwa mafuta. Nimewaona watu wakipata gari lile lile, kwa mwenye gari yule yule, kwa bei pungufu ya milioni nzima.

Na jambo moja kwa wote mnaotegemea spea za Dar. Kifurushi kinachopakiwa basi jioni Dar kinakuwa stendi asubuhi, tumezoea hivyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika eneo la Somanga, kifurushi hakikuja. Magari mengi yalilala kwa kukosa mpira wa rejeta wa bei ya kuku. Fenbelti, mpira wa juu na wa chini wa rejeta, plagi na fyuzi vikae kwenye buti daima, ndani ya mfuko, visipigwe jua.

Baba, shikamoo. Mimi ni mama mfanyabiashara wa samaki, Lindi. Nina Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ninayopelekea mzigo Nachingwea na Ruangwa. Ilianza kuchemsha, fundi akatoa thamostati, akasema ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Bado inachemsha ikiwa na mzigo. Namwagia maji ya bomba kila safari. Fundi mwingine anasema injini imekwisha, ninunue Kirikuu nyingine. Nina watoto watano wananitegemea.

Marahaba, mwanangu. Usinunue Kirikuu nyingine kwa neno la mtu ambaye hajafungua hata mfuniko wa rejeta.

Tuanze na thamostati, maana maneno haya ya nchi za baridi yameharibu injini nyingi mno hapa Kusini na yananiumiza kila nikiyasikia. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi unafungwa ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate moto haraka, ikishapata moto unafunguka maji yaende rejeta. Injini inahitaji joto lake popote ilipo, Hokkaido au Nachingwea. Bila mlango huo inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, na vyuma vinasagika. Tena kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huwa inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hayafiki rejeta kabisa. Ndiyo maana gari lako bado linachemsha likiwa na mzigo. Rudisha thamostati, mpya, na kabla haijafungwa fundi aitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka mbele yako. Uione ikifunguka kwa macho yako. Isiyofunguka irudi dukani.

Pili, maji. Ya bomba au ya kisima cha huku pwani yana chumvi na chokaa, yanajenga tabaka ndani ya vijia vya rejeta mpaka vinazibana, na yanaotesha kutu ndani ya injini. Rejeta itolewe, isafishwe kwa fundi wa rejeta, kisha iwekwe kulanti, na nyakati za shida uongeze maji yaliyochemshwa na kupozwa au ya chupa, si ya kisima. Kwa magari yenye injini iliyofichwa chini kama la kwako, baada ya kujaza ni lazima hewa itolewe kwenye mfumo, la sivyo inajikusanya mahali pa juu na gari linachemsha ingawa rejeta imejaa.

Kisha waangalie kama gasketi imeungua, kwa kuwa limeshachemsha mara nyingi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta utelezi kama maziwa ya chai, maji na oili vimechanganyika. Hapo silinda hedi ifunguliwe na ipelekwe kunyooshwa kabla ya kufunga gasketi mpya. Ni gharama, lakini ni sehemu ndogo ya bei ya Kirikuu nyingine. Na wakati wowote mshale wa joto ukipanda, simama. Usiseme nifike kwanza pale mbele. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, umeshawaunguza wengi nyuso.

Kuna jambo hukuniuliza, ila nalihofia kuliko injini. Barafu ya samaki inayeyuka, na yale maji yenye chumvi yanapenya kwenye sakafu ya bodi hadi kwenye chesesi. Kila ukishusha mzigo, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi bodi yote na hasa chini yake. Tandika turubai nzito au uweke sanduku lenye bomba la kutolea maji nje kabisa ya chesesi. Injini ya Kirikuu inabadilishika. Chesesi iliyoliwa inaondoka na gari.

Mzee, mimi ni mkazi wa Shangani, Mtwara. RAV4 yangu ya mwaka 1998 tunaipenda sana, tumeenda nayo Msimbati kila sikukuu. Juzi fundi amenionyesha kutu pale mkono wa chini wa tairi la nyuma unapofungwa, bisibisi ilizama. Amesema atachomelea bati, laki mbili na nusu tu. Injini ni nzima kabisa. Nitengeneze?

Hapana. Acha kuliendesha kuanzia leo.

Najua injini ni nzima. Injini ya 3S kwenye hizo RAV4 ni ngumu, na bila shaka itawaka hata mwakani. Lakini RAV4 haina chesesi ya kujitegemea kama lori. Bodi lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Pale bisibisi ilipozama, mkono unaoshikilia tairi umefungwa kwenye chuma ambacho hakipo tena. Bati litachomelewa juu ya kutu, na kutu haishiki weldi. Itaonekana nzuri ikipakwa rangi nyeusi. Siku moja kwenye mwendo wa 80, ukielekea Mingoyo, tairi la nyuma litageuka upande wake.

Hapa ndipo ninapowaambia wateja wangu, hata wale wanaolia, kwamba gari limefika mwisho. Mahali pa kufungia mikono, mahali pa kufungia stelingi, na vizingiti vya mlango mpaka chini ya zulia. Kutu ya mlango, ya boneti, ya buti, ni uzuri tu umepotea. Kutu ya maeneo hayo matatu ni uhai. Dalili nyingine za kuachana na gari, kwa mwalimu wa Tandahimba na kwa wote: spea zake zikianza kupatikana kwa kungojea wiki nzima, na matengenezo ya lazima ya mwaka mzima yakizidi kile ambacho ungekatwa kwa gari jingine. Uzee wa miaka peke yake si dalili.

Usiliuze kama gari zima. Najua kuna mtu atakuja na milioni kadhaa, ataangalia injini, atasikia mlio, atafurahi. Huyo ana watoto pia. Uza vipande: injini na gia boksi vina wateja, taa, vioo, viti, rejeta, rimu. Ukijumlisha hutakuwa umepata hasara uliyodhani.

Na gari litakalofuata, ukitoka Msimbati usililaze na mchanga wa bahari. Lipandishwe, lioshwe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, ndani ya matairi, nyuma ya bampa, juu ya tangi la mafuta. Baada ya mvua za masika, fundi alipake chini oili nzito au rangi ya lami, kwenye chuma kikavu kilichosuguliwa, si juu ya matope.

Fundi, mimi ni kijana wa Masasi. Nina milioni 13 za korosho na sina gari. Niagize Japani au ninunue hapa hapa?

Kwa fedha hiyo piga hesabu ya kodi kwanza. Gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 linatozwa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini (5% kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000), ushuru wa uchakavu 30%, kisha VAT 18% juu ya jumla ya hivyo vyote. Vinavyopandiana namna hiyo, pamoja na tozo ndogondogo, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe pamoja na usafiri wa meli. Na thamani hiyo wanaikadiria TRA, mamlaka ya mapato, si risiti yako. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo, ingiza aina, mwaka na injini kabla hujatuma hata senti. Ongeza usajili, bima, na kulileta kutoka Dar, kilomita zaidi ya 500 hadi kwako.

Kwa milioni 13 utaambulia gari dogo tu kwa njia hiyo. Ukinunua hapa, mpe fundi wako mwenyewe, asiye rafiki wa dalali, elfu hamsini akae nalo asubuhi nzima, aliwashe likiwa limelala usiku kucha. Muuzaji anayekukaribisha huku injini tayari ni ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri. Kadi ya gari iwe na jina la huyo anayekuuzia. Ikiwa na jina la mtu wa tatu, atafutwe huyo mtu kwanza, kwa kuwa bila saini yake hamtabadilisha umiliki TRA. Nimeona magari mazuri yakiozea uani kwa sababu mwenye kadi alishafariki na ndugu hawaelewani. Usitumie milioni 13 zote. Bakisha moja na nusu kwa ajili ya tairi, betri, oili zote na breki, vitu ambavyo aliyeuza hakuvigusa tangu alipoamua kuuza.

Shikamoo mzee. Dukani wameniuzia tairi zinazoonekana mpya, bado zina vinyweleo. Rafiki yangu anasema ni za zamani. Nitajuaje? Ni dereva wa teksi, Lindi.

Marahaba. Pembeni ya tairi tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama huzioni ingia chini uangalie upande wa ndani. Tairi ikipita miaka sita iangalie kila mwezi nyufa ndogondogo za pembeni, hata kama meno yake ni marefu. Ikifika kumi itoe, iwe imetembea au imelala dukani. Vinyweleo havikuambii chochote kuhusu umri. Rudi na hizo tairi kwa muuzaji ukiwa na risiti, na kabla ya kuondoka hapo dukani soma pia tarakimu za tairi ya akiba.